Kima Aliyejulikana kwa Ngozi Yake

Mara nyingi hapa tunazungumzia mambo ya karibu: bei ya mazao, maji, barabara, ulinzi wa vijiji. Leo nakuomba uvumilie tusafiri mbali kidogo, hadi nchi ya Peru, Amerika Kusini. Nataka kukueleza habari za mnyama mmoja wa msituni ambaye watu wengi duniani hawajapata kumsikia. Lakini usidhani kwamba tumeyaacha mazao, maji, barabara na ulinzi. Kabla hatujaagana utaona kwamba habari za mnyama huyu ni habari za mambo hayo hayo.

Mnyama mwenyewe ni kima. Wenyeji wa huko, ambao lugha yao ni Kihispania, humwita kwa jina lenye maana ya kima wa sufu mwenye mkia wa manjano. Jina limekaa vizuri, nasi tutamwita hivyo. Anaitwa wa sufu kwa sababu manyoya yake ni mazito na marefu kama ya kondoo ambaye hajakatwa. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyokolea, inayokaribia wekundu wa mbao za mkangazi, na puani na kuzunguka mdomo ana baka jeupeupe. Upande wa chini wa mkia, kuelekea ncha, pana nywele za manjano. Dume ana pia kishungi kirefu cha nywele za manjano sehemu za siri, na kishungi hicho kina kazi yake, kama tutakavyoona.

Sasa tuanze mwanzo. Mwaka 1802, Peru ikiwa bado koloni la Hispania, msafiri na mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alipita sehemu za Jaén, kaskazini mwa nchi hiyo. Alikuwa katika safari ya miaka mitano, kutoka 1799 hadi 1804, ambayo aliifanya pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland. Milima ile ilikuwa haina barabara. Mizigo ilibebwa na nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti, bali yule anayezaliwa na punda na farasi. Humboldt akaona kwamba wenye nyumbu wametandika juu ya matandiko yao ngozi za mnyama mwenye manyoya mazito. Akazichunguza, akatambua kwamba ni ngozi za kima asiyejulikana na wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1812 alimwandika kitabuni na kumpa jina la kitaalamu lenye neno la Kilatini *flavicauda*, yaani mkia wa manjano.

Angalia jambo hili, ndugu msikilizaji. Huyu bwana alimpa jina mnyama ambaye hakupata kumwona akiwa hai hata siku moja. Alichokiona ni ngozi iliyokaliwa na msafiri juu ya mgongo wa nyumbu.

Baada ya hapo palikuwa na kimya cha zaidi ya miaka 100. Mwaka 1925 wakusanyaji wa wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho walipata kima wachache mahali panapoitwa Puca Tambo, upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo. Ngozi na mafuvu vikapelekwa London. Huko, mtaalamu Oldfield Thomas, bila kutambua kwamba ni kima yule yule wa Humboldt, akamtangaza mwaka 1927 kuwa ni aina mpya kabisa na kumpa jina jingine. Hivyo mnyama mmoja akawa na majina mawili katika vitabu, na bado hakuna aliyejua anaishije. Ilipofika mwaka 1963 ndipo mtaalamu mwingine, Jack Fooden, alipolinganisha maandishi na ngozi na kusema kwamba hao wawili ni mmoja.

Na mmoja huyo yuko wapi? Miaka ilipita, hakuna habari. Wengine walianza kudhani kwamba huenda ametoweka. Kisha mwaka 1974 watu watatu, Russell Mittermeier wa Marekani, Hernando de Macedo Ruiz wa jumba la makumbusho la Lima, na Anthony Luscombe, walifunga safari kwenda kumtafuta katika mkoa wa Peru unaoitwa Amazonas. Nasisitiza mkoa wa Peru, kwa sababu hata Brazil wana jimbo lao lenye jina hilo. Je, walilazimika kukaa porini miaka mingi? La hasha. Waliwauliza wawindaji. Wawindaji wakawaonyesha ngozi na mafuvu. Na katika mji mdogo wa Pedro Ruiz Gallo walimkuta kima mwenyewe, mtoto, yu hai, amefugwa nyumbani kwa mtu.

Magazeti ya kitaalamu yakaandika kwamba kima wa sufu mwenye mkia wa manjano amegunduliwa upya. Wataalamu wale hatuwalaumu. Kazi yao ilikuwa njema na ilifungua mlango. Lakini tujiulize: nani alikuwa amempoteza? Wale waliokuwa na ngozi yake ukutani hawakuwa wamempoteza. Alikuwa amepotea London na Lima tu.

Hata sisi tuna mfano wetu. Katika misitu ya mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mmoja mwenye haya, wakimwita kipunji. Wataalamu walifuata maneno hayo, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya kima kutoka Tanzania. Mpya kwa dunia. Kwa wawindaji wa Rungwe hakuwa mpya. Kwa hiyo tunaposikia neno kugundua, tuulize daima: ni nani aliyekuwa hajui?

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na hapo ndipo penye uzito. Kujulikana si kutunzwa. Watu wale waliomjua kima huyu kuliko wataalamu wote ndio waliokuwa wakimla. Basi tumtazame vizuri, tuone kwa nini yumo hatarini.

Kima huyu anaishi Peru peke yake. Nje ya nchi hiyo hayupo mahali popote. Na ndani ya Peru hayuko kila msitu. Anakaa katika misitu ya mawingu kwenye miteremko ya mashariki ya Andes, zaidi katika mikoa ya Amazonas na San Martín, kwenye mwinuko wa kama meta 1,500 hadi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu inayotoka kwenye tambarare za mto Amazon hugonga miteremko hiyo, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu. Siku nyingi miti imezama ndani ya wingu. Mashina yamefunikwa na kuvumwani, matone yanadondoka hata pasipo mvua. Usiku kuna baridi kali. Sufu ile, basi, si urembo. Ni blanketi lake.

Ana uzito wa kama kilo 8, na dume mkubwa huweza kupita 10. Hukaa makundi, juu mitini, na ni mara chache ateremke ardhini. Chakula chake ni matunda, na katika hayo hupenda sana ya jamii ya mikuyu. Hula pia majani machanga, maua, machipukizi na wadudu.

Kitu cha ajabu kwetu ni mkia. Sisi huku tuna nyani, tumbili, mbega, kima wa namna nyingi, na kila mmoja ana mkia wa kumsaidia asiyumbe anaporuka. Lakini hakuna hata mmoja wa Afrika ambaye, akishakuwa mkubwa, anaweza kujining'iniza kwa mkia. Baadhi ya jamii za kima wa Amerika Kusini wanaweza, na huyu wetu ni mmoja wao. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, una nguvu, na upande wa chini karibu na ncha pana ngozi tupu isiyo na nywele, kama ya kiganja. Ngozi hiyo inahisi na haitelezi. Kwa hiyo huzungusha mkia kwenye tawi, akaachia mikono na miguu, akachuma tunda lililo mbali huku ananing'inia. Ni kama ana mkono wa tano.

Akila matunda humeza na mbegu, zikiwamo mbegu kubwa ambazo ndege wengi hawawezi kuzimeza. Kisha huenda na kuziangusha mbali na mti mama. Miti mingi ya msitu ule huotea mahali ilipo kwa sababu kima alipita. Mwindaji akimaliza kima, msitu unaweza kuendelea kusimama miaka mingi ukionekana mzima, lakini mpanzi wake hayupo tena.

Sasa, kwa nini ni rahisi kumwua? Sababu ya kwanza ni tabia yake. Tumbili wa mashambani kwetu akimwona mtu amebeba kitu kinachofanana na bunduki, hungoji kumwambia kimbia. Kima huyu wa milimani hakuzoea adui wa namna hiyo. Akimwona mtu, mara nyingi hakimbii bali husogea. Hubweka kwa sauti kubwa kama ya mtoto wa mbwa, hutikisa matawi, huangusha vijiti, na dume huonyesha kile kishungi chake cha manjano ili kumtisha mgeni. Kwa kima mwenzake, hayo yanatosha kumaliza ugomvi. Kwa mwenye bunduki, ni shabaha iliyojileta yenyewe. Watu wachache wenye bunduki wanaweza kuliangamiza kundi zima kwa siku moja.

Sababu ya pili ni uzazi. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na hukaa muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Kwa jamii hii ya kima wa sufu ni kiasi cha miaka miwili hadi mitatu. Mfugaji wa ng'ombe ataelewa hesabu hii haraka. Ukichinja kwa kasi kuliko zizi linavyozaa, zizi litakwisha, hata kama ulianza na ng'ombe wengi. Tena mtoto aliyefugwa, kama yule wa Pedro Ruiz Gallo, kwa kawaida amepatikana kwa kumwua mama yake. Wala hakuna akiba ya kima hawa katika bustani za wanyama za Ulaya au Marekani. Wakiisha msituni, wamekwisha.

Hata hivyo uwindaji peke yake haukumfikisha hapo alipo. Kilichobadilisha mambo ni barabara.

Kwa karne nyingi kima huyu alilindwa na ugumu wa njia. Miteremko ni mikali, matope ni mengi, ukungu haukomi. Lakini serikali za Peru, hasa ile ya Rais Fernando Belaúnde Terry, zilikuwa na mpango mkubwa wa kuziunganisha sehemu za mashariki na nchi nyingine kwa barabara ndefu itakayopita ukingoni mwa misitu. Katikati ya miaka ya 1970 barabara hiyo ilikuwa imevuka milima ya Amazonas, ikapita Pedro Ruiz Gallo na kuteremka katika bonde la Alto Mayo, mkoani San Martín. Ndiyo kusema kwamba katika miaka ile ile ambayo dunia ilipata habari za kima, mashoka nayo yalikuwa yanawasili.

Waliokuja na mashoka ni nani? Tusiwahukumu haraka. Walikuwa wakulima wadogo kutoka milima ya Cajamarca na Piura, ambako ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi kila mmoja kabaki na kipande kisichomtosha. Walisikia kwamba ng'ambo ya milima kuna ardhi tele isiyo na mwenyewe. Wakaja na wake zao na watoto, wakafyeka, wakapanda mahindi, kisha kahawa, na pale udongo ulipochoka wakageuza majani ya ng'ombe na kufyeka mbele zaidi. Kwa muda mrefu mazoea ya huko yalikuwa kwamba mtu aliyefyeka ndiye anayehesabiwa kuwa ameitumia ardhi, na aliyeitumia ndiye mwenye haki ya kuidai. Msitu uliosimama ulionekana kama shamba lililotelekezwa. Na mfyekaji katika miaka ya kwanza, kabla kahawa haijazaa, hana nyama nyingine isipokuwa ya porini.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Kagera na Mbinga wanaelewa yaliyofuata. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka kwa mkulima wa Peru kama ilivyoanguka kwa wa Moshi. Mwaka 2013 ugonjwa wa kutu ya majani uliharibu mashamba kiasi kwamba serikali ya Peru ilitangaza hali ya dharura. Bei ikishuka, mkulima hutaka eka zaidi ili apate fedha zile zile. Joto na ugonjwa vikizidi bondeni, kahawa hupandishwa juu. Na huko juu ndiko aliko kima.

Serikali haikukaa kimya. Mwanabiolojia wa Peru, Mariella Leo Luna, alimfuatilia kima huyu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi yake ilisaidia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Río Abiseo mwaka 1983. Hifadhi hiyo, yenye magofu ya kale pia, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990. Mwaka 1987 msitu wa Alto Mayo ulitangazwa kuwa msitu wa kulinda vyanzo vya maji. Na haya si maneno ya kupamba, maana mpunga wa bonde lile unanyweshwa na mito inayotoka katika ukungu wa juu. Kumwua kima huyu au kumwuza ni kosa kwa sheria za Peru.

Lakini sheria ni karatasi mpaka apatikane mtu wa kuitekeleza. Askari wa hifadhi walikuwa wachache na milima ni mikubwa. Katika Alto Mayo, maelfu ya watu walikwisha kuingia na kulima ndani ya mipaka iliyochorwa ramanini. Aliyeamka asubuhi na kuambiwa kwamba shamba lake ni haramu hakuona sababu ya kumsaidia askari. Palikuwa na ugomvi, na katika baadhi ya sehemu haujakwisha hata leo.

Hapa, ndugu msikilizaji, wanaingia watu ambao hawakutarajiwa. Wale wahamiaji wa Cajamarca walikuja na mbegu za kahawa, na walikuja pia na desturi yao ya ulinzi. Mwezi Desemba 1976, katika kijiji cha Cuyumalca, wilayani Chota, wakulima waliochoshwa na wezi wa mifugo na kukata tamaa na polisi na mahakama waliamua kufanya doria za usiku wenyewe. Doria hizo huitwa *ronda*, nao walinzi huitwa *ronderos*. Msikilizaji wa Shinyanga au Tabora hahitaji maelezo marefu. Kwetu tuliwaita Sungusungu, waliojitokeza usukumani na unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hizo hizo: ng'ombe wanaibwa na serikali iko mbali.

Ronda huwa na mkutano wa kijiji unaochagua viongozi. Kila mtu mzima ana zamu. Mkosaji huletwa mbele ya mkutano, na adhabu mojawapo ni kupokezanwa kutoka kijiji hadi kijiji, mchana akifanya kazi na usiku akitembea doria pamoja na walinzi, mpaka atie adabu. Wapo wanaozilaumu ronda kwa adhabu za kupindukia, kama Sungusungu walivyolaumiwa, na lawama hizo zisipuuzwe. Lakini katiba ya Peru ya mwaka 1993 inazitambua, na sheria maalumu ya ronda ilipitishwa mwaka 2003.

Mwaka 2007 wataalamu wawili, Noga Shanee na Sam Shanee, walianzisha shirika la kuhifadhi kima wa Amerika Kusini wakianza na huyu wa mkia wa manjano. Walifanya makazi na utafiti wao karibu na kijiji cha La Esperanza, mkoani Amazonas, na kwa muda mrefu waliishi kati ya wanakijiji. Walichojifunza ni kwamba katika eneo lile chombo kinachosikilizwa ni ronda, kuliko ofisi yoyote ya mjini. Basi mazungumzo yakapelekwa kwenye mikutano ya ronda.

Na kilichoamuliwa huko hakikuwa cha wageni peke yao. Vijiji kadhaa vilipiga marufuku kuwinda kima. Vingine vilitenga misitu yao wenyewe, vikaweka mipaka na kuipa ronda kazi ya kuilinda, kama inavyolinda ng'ombe. Kijiji cha Corosha kilikwenda mbele zaidi na kusajili msitu wake serikalini kuwa eneo la hifadhi la wanakijiji wenyewe. Sababu walizozitoa wakulima hazikuwa za kima tu. Walitaja maji: waliona vijito vikipungua pale msitu ulipofyekwa. Walitaja watoto wao: walikumbuka kwamba wao waliikimbia Cajamarca iliyokwisha miti, na hawakutaka wajukuu wahame tena. Wengine walisema jambo jepesi zaidi, kwamba hawakujua kama kima huyu hayuko penginepo duniani. Walidhani ni wa kila mahali.

Neno hilo la mwisho lingetufaa sana tulifikirie. Mtaalamu alijua kwamba mnyama ni wa pekee, lakini hakujua aliko. Mwindaji alijua aliko, lakini hakujua kwamba ni wa pekee. Miaka zaidi ya 170 ilipita tangu Humboldt alipoziona zile ngozi kabla hawa wawili hawajaketi pamoja. Katika muda huo msitu ulikatwa.

Sitaki ufikiri kwamba kila kitu sasa ni shwari. Ronda si malaika. Zipo zilizopinga hifadhi kwa nguvu, hasa pale walinzi wa serikali walipokuja kwa amri badala ya mazungumzo. Mkutano unaweza kupitisha azimio leo, na kesho mwenye shida ya ada ya shule akafyeka eka moja usiku. Katika Alto Mayo serikali na mashirika wamefanya mapatano na familia nyingi: mkulima anaahidi kutofyeka tena, naye anapewa mafunzo, miche na msaada wa kuuza kahawa iliyo bora. Wapo waliofaidika, na wapo wanaosema ahadi hazikutimizwa. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na mkulima anayeambiwa atunze msitu wa dunia nzima ana haki ya kuuliza dunia nzima inamletea nini.

Kima mwenyewe bado yumo katika orodha ya wale walio hatarini kabisa kutoweka. Msitu wake umekatikakatika vipande, na kundi lililonaswa katika kipande kimoja haliwezi kuvuka malisho ya ng'ombe kwenda kuchumbia kwingine. Lakini zipo habari njema pia. Karibu na vijiji vilivyoacha kuwinda, watafiti wameweza kuyafuata makundi mwaka baada ya mwaka. Na mwaka 2020 ilichapishwa habari kwamba kima huyu ameonekana katika mkoa wa Junín, mbali sana kusini mwa mahali alipofahamika. Kwa mara nyingine, wataalamu wameambiwa kwamba walikuwa hawajui. Benki kuu ya Peru nayo imemweka kwenye sarafu ya sol moja, katika mfululizo wa wanyama walio hatarini ulioanza mwaka 2017.

Kwa hiyo mtu wa Lima, ambaye hajapata kukanyaga msitu wa mawingu, sasa anaweza kumshika kima huyu mkononi wakati wa kulipa nauli ya basi. Si haba. Lakini tukumbuke kwamba hata wale wenye nyumbu wa mwaka 1802 walikuwa naye karibu hivyo, wamemkalia. Atakayeamua kama kima yule atakuwapo miaka 50 ijayo ni mkulima wa kahawa mwenye eka tatu, aliye kwenye zamu ya doria usiku huu katika baridi ya Yambrasbamba, na ambaye kesho asubuhi atauliza bei ya kahawa kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Ndugu msikilizaji, nilikuahidi kwamba tungerudi kwenye mazao, maji, barabara na ulinzi. Tumerudi. Tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu. Kwaheri.